Mstari Uliohamia Kwetu Uthiru

Nilitoka mtaa wa Satellite asubuhi kwa sababu nyumba ya dada yangu Rasoa, huko Uthiru, ilipigwa X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa. Yangu iliyopakana nayo walishaibomoa kupisha barabara, nami nikiwa ndani. Ndiyo maana nachechemea. Tingatinga lilikuwa linamrudia Rasoa kesho yake.

Mjini nilipanda ngazi hadi ofisi iliyochora barabara hiyo. Madam Nafula, mtu wa kwetu, hufanya ramani kwa kompyuta pale. Alinifungulia skripti, yale maagizo aliyoandika mkubwa wake, Kyalo, ya kuhamisha namba kutoka ramani ya zamani hadi ya satelaiti.

“Ramani zote mbili zinaitwa kanda ya thelathini na saba kusini,” akaniambia. “Kyalo aliona jina moja, akadhani ni kitu moja, kumbe kila moja huanza kuhesabu mahali pake. Akaruka hatua ya kubadilisha.”

Akaiongeza hiyo hatua, akabonyeza. Mstari wa barabara ukateleza mita kama mia tatu, ukatoka kwetu ukalala bondeni kwenye nyasi za ng’ombe. Nilikaa kwanza. Nafula hakuwa na uwezo wa kusimamisha kazi. Sahihi ni ya Kyalo, na siku hiyo alikuwa nyumbani kwake, Kitisuru.

Kitisuru nilifika jua likiwa kali. Askari wa geti alinicheka, eti huku hata vumbi huomba ruhusa kuingia. Lakini alipoona mguu alinipa kiti chake, akaenda kumwita.

Kyalo alitoka na simu mkononi, ramani ya Nafula ishamfikia.

“Ni kompyuta, mzee. Makosa madogo tu.”

“Kompyuta haikuleta tingatinga Uthiru, Kyalo. Ni wewe. Na dada yangu yuko ndani ya ile nyumba.”

Alimpigia msimamizi wa mashine nikimsikia, akamwambia mstari umehama, wasiguse Uthiru. Pole hakusema. Geti likafungwa.

Uthiru jioni nilimkuta Rasoa akifunga vyombo kwa shuka. Nilimwambia afungue. Alilia kidogo, halafu akaanza kusugua ile X kwa brashi ya waya, haitoki. Mimi niliangalia kwangu, mawe tu, kisha nikarudi Satellite kwa chumba cha kukodi.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akija kwako na namba, muulize kwanza ni za ramani gani. Mimi sikujua kuna swali kama hilo. Kyalo alilisomea chuoni.