Mpigo wa Maren

Verlyn Hultgren alikuwa kocha wetu wa gofu, dereva wetu, na mtu aliyekata nyasi za chuo. Chuo chetu kidogo cha Nebraska kilimlipa nusu mshahara kwa ukocha. Nusu nyingine aliipata kwa kusukuma mashine ya nyasi. Msaidizi hakuwa naye. Bajeti yetu haikufika hotelini, kwa hiyo siku za mashindano tuliondoka kabla ya alfajiri, yeye usukanini, chupa ya kahawa katikati ya magoti, sisi tumelalia mifuko ya fimbo.

Katika mchezo huu timu huingiza wachezaji watano, alama mbovu kuliko zote huachwa, na nne hujumlishwa. Sisi tulikuwa wasichana wanne tu. Hatukuwa na mbovu ya kuacha. Na mkurugenzi wa michezo, Bwana Pelster, alikuwa amemwambia Kocha wazi kwamba msimu ule timu imalize kila shindano ikiwa na jumla yake, la sivyo gofu inafungwa.

Shindano la mwisho lilikuwa Aprili, katika upepo ule wa kwetu usiochoka. Tulimaliza, tukatia sahihi kadi za alama, tukajikunja ndani ya gari kungoja matokeo. Kocha alikula mkate wake wa nyama amefumba macho.

“Kocha, unatafuna usingizini,” Jolene alimtania.

“Niache, mama. Hii ndiyo likizo yangu.”

Alicheka kidogo. Majira yote ya baridi hatukuwa tumemsikia akicheka.

Ndipo Maren, mdogo wetu kuliko wote, aliposema kutoka kiti cha nyuma, “Shimo la kumi na moja. Kwenye majani marefu. Nilipiga nikaukosa mpira. Sikuhesabu.”

“Nani alikuona?” Jolene aliuliza.

“Hakuna.”

“Basi kula mkate wako.”

Kocha alifumbua macho. “Ulikuwa unaupiga, au unajaribu fimbo tu?”

“Nilikuwa naupiga.”

“Na kadi umeshatia sahihi.”

“Nimeshatia.”

Ukikusudia kuupiga mpira, hata ukiukosa, huo ni mpigo; na kadi yenye sahihi na mpigo pungufu humtoa mchezaji mashindanoni. Maren akitoka tunabaki watatu, na watatu hawana jumla. Garini sote tulilijua hilo, hata yeye, maana alikuwa ameanza kulia.

“Kocha, mwambie asahau,” Jolene alisema. “Hii ni kazi yako inayokwenda.”

“Najua ni kazi ya nani.” Alifunga mkate uliobaki kwenye karatasi yake, polepole, akauweka juu ya dashibodi. “Maren, mwanangu, vaa koti. Nje kuna baridi.”

Wakaenda pamoja hadi kwenye hema la waamuzi. Kocha alitembea kama mtu anayesukuma kitu kizito, lakini hakusimama.

Timu ilivunjwa mwezi wa Mei, na nusu ya mshahara ikaenda nayo. Mwaka uliofuata Kocha alibaki na mashine tu. Maren alipopita kwenda darasani, Kocha aliizima ili vumbi lisimrukie.

“Hujambo, mpiga majani?”

“Sijambo, Kocha. Siku hizi nahesabu yote.”

“Vizuri.”

Akaivuta kamba. Mashine ilikataa kuwaka. Akapumzika kidogo, mkono kiunoni, kisha akaivuta tena.