Aliyenifikisha Uwanja wa Ndege

Jumapili ile, baada ya misa, tulishuka kuangalia ndege kama kawaida. Bunia ya wakati ule, mji wetu mashariki mwa Kongo, haikuwa na mahali pengi pa kutembeza watoto, kwa hiyo familia zilikwenda kusimama kwenye ua wa uwanja, zikanunua mikate ya mafuta na kungoja. Mume wangu Anselme alikuwa mbebaji mizigo pale. Alipotuona akapunga mkono kutoka juu ya rundo la magunia ya samaki, na jirani yetu Mama Leoni akampigia kelele mbele ya watu wote:

"We Anselme! Ushuke juu ya samaki ya watu! Hiyo iko kiti?"

Tulicheka sana. Samaki wenyewe hawakuwa wake, lakini Mama Leoni aliuza samaki wa Kasenyi sokoni na hakuvumilia kuona wakikaliwa. Neema wangu, mtoto mchanga bado, alikuwa amelala mgongoni mwake. Siku za Jumapili nilikuwa nampata mtoto wangu wakati wa kunyonya tu.

Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa miti, na chumvi na makaa vilivuka ua ule kila siku. Mama Leoni alikuwa mjane. Leoni, binti yake wa pekee, alikuwa akisoma Mahagi, kwa shangazi yake. Nyumbani alibaki na mama yake mzee ambaye miguu yake haikuweza tena kumbeba. Kabila lake na langu ndiyo yale mawili yaliyokuwa yakiuana vijijini. Tulijua hilo, yeye na mimi. Hatukuwahi kulizungumza.

Siku chache baadaye vita viliingia mjini.

Anselme alikuwa ameshakwenda kazini. Risasi zilianzia upande wa soko, zikanyamaza, zikaanza tena karibu zaidi. Nilifunga mlango na kukaa chini ya dirisha na mtoto. Kabla ya saa sita mtaa wetu ulikuwa mikononi mwa wapiganaji wa kabila la Mama Leoni, nao walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba.

Mama Leoni aliingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha.

"Lete mutoto," alisema. "Banatafuta watu ya kwenu. Sasa bako kwa fundi wa viatu."

"Nitapita wapi?"

"Weye hautapita. Siye wote ndio tutapita."

Alimfunga Neema mgongoni. Akakata bonge la ugali lililopoa kwenye sahani, akalifinyanga, akaniingizia shavuni. Kisha akanifunga kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, kutoka kidevuni mpaka utosini, kama watu wanavyofungwa wakiumwa jino.

"Jino inakuuma. Weye uko mutoto wa ndugu yangu. Usifungue kinywa. Ukisema neno moja tu, banajua."

Tulipotoka uani akageukia nyumba yake na kumwita mama yake: "Mama, nakuya sasa hivi!"

Barabara ilikuwa tupu. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama katikati, akilia.

Kizuizi cha wapiganaji kilikuwa karibu na tanuri za matofali. Gogo lilikuwa limelazwa barabarani, na wanaume walikuwa wamekaa pande zote mbili. Kwenye mtaro alilala mtu. Nilitambua shati lake: mtu wa mtaa wetu. Sikutazama zaidi.

Mmoja wao akasimama. Akanielekezea bunduki kidevuni na kuuliza jambo kwa lugha yao, ambayo niliielewa nusu nusu.

Mama Leoni akajibu kwa niaba yangu.

Mwanaume akauliza tena, akinitazama mimi.

Mate yalikuwa yamenijaa kinywani na sikuthubutu kumeza.

"Afungue kitambaa," mwanaume akasema. Hilo nilielewa.

"Fungua mwenyewe," Mama Leoni akamwambia. "Usaha ikikurukia, usinilaumu."

Mwenzake mmoja akacheka. Neema akaamka na kuanza kulia, na Mama Leoni akaanza kumbembeleza kwa lugha yake, polepole, akirusha mabega, kama vile hapakuwa na bunduki mahali pale.

Yule mwanaume akatema mate chini. Akalisukuma gogo kwa mguu.

Tukapita.

Uwanja ulikuwa umejaa. Askari wa kigeni walikuwa wakiulinda, na watu walikuwa wameketi kando ya ua na magodoro yao, masufuria yao, wengine bila chochote. Anselme alituona kabla sijamwona. Mama Leoni alifungua mtoto na kunipa. Nilimshika mkono.

"Ubakie hapa na siye."

"Na mama yangu, nani atamupa maji?"

Akanifungua kikwembe kichwani, akajifunga kiunoni, akarudi njia tuliyoijia.

Tuliishi kando ya uwanja ule muda mrefu. Mvua zilitukuta pale. Mwanamke mmoja kutoka Marabo, ambaye sikuwa namjua, alitukatia nusu ya turubai lake, na muuguzi mmoja alikuja kila asubuhi kuwapa maji ya chumvi na sukari watoto walioharisha. Wengine walizikwa. Neema alipona. Nikisema nashukuru, nawashukuru watu hawa, kila mmoja kwa uso wake.

Habari za Mama Leoni zilinifikia pale pale kambini. Alipigwa risasi siku ile ile, karibu na tanuri za matofali, akirudi. Hakuna aliyejua ni nani aliyepiga. Tuliporudi mtaani, nyumba yake ilikuwa tupu. Mama yake alichukuliwa na ndugu zake mpaka Fataki, akafia huko. Leoni hakuna aliyejua aliko.

Leo, jirani na uwanja, bohari moja ya zamani imegeuzwa nyumba ya kumbukumbu. Inafunguliwa kwa watu wote mara mbili kwa mwaka: wakati wa kiangazi, na tena wakati wa vakansi, likizo ya shule. Wanasimamisha mahema kama yale ya kambi, kwaya zinaimba, wamama wanapika uji katika masufuria makubwa, na waliokuwa pale wanasimulia. Ndege zikitua, msimulizi ananyamaza kwanza, halafu anaendelea.

Kwa miaka kadhaa nilikwenda kusikiliza tu. Kiangazi kimoja nikasimama na kusimulia niliyoyasimulia hapa, jina la Mama Leoni nikalitaja. Nilipokaa, mwanamke mmoja aliyevaa kama mtu wa ofisini akaja mpaka kwenye benchi langu. Alikuwa na paji la uso la Mama Leoni.

"Mimi ndiye Leoni," alisema. "Kweli mama yangu alikuwa anarudi nyumbani?"

"Alikuwa anarudi kwa bibi yako. Nilimwomba abaki nasi, akakataa."

Akakaa chini, palepale kwenye udongo.

"Kwetu banasemaka alikimbilia uwanjani, akaacha muzee peke yake. Bibi alikufa na ile neno. Hata miye niliiamini."

Kisha akauliza: "Na ule mutoto?"

Neema alikuwa akigawa uji. Nilimwita, akaja na upawa mkononi, msichana mrefu kuliko sisi wawili. Leoni alimshika mabega, akamtazama kwa muda mrefu bila kulia. Mimi ndiye niliyelia.

Mwanangu yu hai, na mume wangu anazeeka pamoja nami. Mwanamke mmoja hakurudi kumpa mama yake maji. Hakuna mizani ya kulinganisha mambo hayo, na nimeacha kuitafuta. Ninachoweza ni kushukuru kwa sauti, mbele ya watu, jina lake likisikika.

Sasa mimi na Leoni tunasimulia pamoja. Mimi nafika mpaka pale mama yake aliponiacha, naye anaendelea. Kiangazi hiki mwanafunzi mmoja alinyanyua kidole na kuuliza kama yule mama hakuogopa. Leoni akanigeukia, maana yeye hakuwepo.

"Aliogopa," nilisema. "Tulishikana mikono njia nzima. Wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu."