Siku Niliyomuua Staring

Watu wa Soweto West, mtaa wetu wa mabanda Nairobi, wana kumbukumbu nzuri kwa mambo yasiyowahusu. Hadi leo, nywele zikiwa zimeanza mvi, nikipita kule kusalimia hakosi mwanamke wa kunitazama pale kwenye mfereji wa maji na kusema, "Si wewe ndiye yule mama aliua staring?" Wenzake hucheka, nami hucheka pamoja nao, kwa sababu ukikasirika wanakuona huna akili. Lakini moyoni sicheki hata kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimeolewa na mtu mwenye sauti. Kitu kingine hakuwa nacho. Tulitoka upande mmoja wa ziwa, yeye akiwa ameacha shule darasa la saba, mimi nikiwa nimemaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri za Kiingereza ambazo hakuna aliyezitaka Nairobi. Asubuhi nilifulia watu nguo mtaa wa Ayany. Mchana tulikuwa wote wawili video.

Video kwetu haikuwa mashine tu. Video ilikuwa nyumba: kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mchana ugeuke giza, mabenchi ya mbao zilizobaki fundi alipomaliza kujenga, na mbele kabisa televisheni ndani ya kizimba cha waya kama kuku wa kuuzwa. Sinema mpya ikitoka, ilionyeshwa kwanza mjini, kwenye majumba ya viti laini ambayo sisi tulipita tu nje tukiangalia picha ukutani. Baada ya wiki kadhaa ndipo kanda yake ilipotufikia, imenakiliwa hata nyuso zimeingia ukungu. Nyingi zilikuwa za makarate, watu wakisema Kichina, na Kiingereza kimeandikwa chini kwa herufi ndogo.

Hapo ndipo mume wangu alipopata kazi. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, akawasimulia watu kila kinachosemwa. Alikuwa fundi, siwezi kumnyima. Akiiga kikongwe unasikia meno yamepungua. Akiiga tajiri unasikia tumbo. Watu walitoka Laini Saba na Makina wakaacha video za kwao zilizo karibu, waje wamsikie yeye.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba hakuwa akielewa chochote. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu. Aliyesoma zile herufi nilikuwa mimi.

Nilikaa kwenye kigoda kushoto kwake, leso imenifunika hadi mdomoni, nikimrushia maana sikioni. Ilibidi niseme kwa ufupi, maana maandishi yalikaa kidogo tu kisha yakapotea. Na yalikuwa meupe. Mtu wa sinema akivaa shati jeupe, maneno yalizama shatini, nikalazimika kukisia kutoka usoni pake. Nikimnong'oneza, "Anaambiwa baba yake alikuwa mwizi, anakataa," yeye angenguruma kwenye maikrofoni, "Mimi mtoto wa mwizi? Mimi? Uliza mtu yeyote kutoka Soweto mpaka stesheni!" Ukumbi ungeanguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa tayari nasoma mstari unaofuata.

Nyumbani aliniita mwalimu. "Mwalimu, leo umefanya kazi," angesema huku akivua viatu, na kweli nilifurahi, nisidanganye. Lakini watu walipomuuliza kwa nini bibi yake amemganda vile, aliwajibu, "Huyu akikaa mbali anaogopa. Akiona damu tu ananishika." Wakacheka. Nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na nilidhani ndoa ni hivyo.

Nilichotaka kilikuwa kimoja. Nilitaka ile maikrofoni. Si kila siku. Hata mara moja, sinema moja kutoka mwanzo hadi mwisho, watu wasikie maneno yakitoka kwa mtu anayeyaelewa. Nilipomdokezea alisema, "Tutaona." Wanawake wenzangu mnajua "tutaona" ya mume ni neno la namna gani.

Sasa lazima niseme juu ya staring. Staring ndiye mtu mkuu wa sinema, yule anayepigwa tangu mwanzo, anatupwa mtoni, anauliwa ndugu zake wote, halafu mwisho anawamaliza maadui mmoja mmoja. Na video zetu zilikuwa na sheria moja ambayo hata mlevi aliijua: staring hafi. Adui atakufa, rafiki wa staring atakufa, bibi yake atakufa, lakini yeye hapana. Watu waliokuwa wakifukuzwa kazi bila notisi na kubomolewa nyumba bila habari walihitaji angalau mtu mmoja asiyekufa, na huyo walimpata kwetu saa nane mchana.

Watengeneza sinema hawakuwa na habari na sheria hiyo. Mara nyingine staring alikufa. Mume wangu alikuwa na dawa zake. Angesema aliyekufa ni pacha wake. Au angezima mashine kidogo kabla ya kisu kuingia, akatangaza kwamba sehemu ya pili iko njiani kutoka Hong Kong. Watu waliingojea sehemu ya pili kwa miezi, kisha wakasahau. Hilo lilinikera sana. Nilimwambia ni uongo. Akaniambia, "Mwalimu, hapa si shule."

Basi ikaja kanda moja iliyokuwa imezungumzwa mwezi mzima. Ilikuwa imejaza jumba mjini, na waliowahi kuiona walikuja kujigamba bila kusema inaishaje. Ubao ulikuwa umeandikwa kwa chaki tangu Jumatano: Jumapili saa nane. Jumamosi mume wangu akaenda kwenye mpira, akashangilia kama mchezaji anayelipwa, na Jumapili akaamka sauti imekwisha. Imekwisha kabisa. Alifungua mdomo ikatoka hewa.

Nilimpa chai ya tangawizi na asali, lakini sitasema nilimhurumia. Saa nane kasoro ukumbi ulikuwa umejaa hadi watu wamekaa chini. Alinitazama, akatazama watu, akanitazama tena. Kisha akanipa maikrofoni.

Mwanzo walinung'unika. "Niaje, leo ni mathe?" mmoja akaita, yaani leo anayesimulia ni mama. Lakini sinema ikaanza nami nikaanza, na baada ya muda mfupi nikasikia wamenyamaza kile kimya kizuri. Sikuwaigizia sauti za kuchekesha. Niliwaambia wanachosema wale watu, vile walivyokisema, kwa Kiswahili ambacho mtu angekisema kama moyo wake kweli unauma. Mahali mama wa staring anamuaga mwanawe, mwanamke mmoja nyuma alipenga kamasi. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye kile kigoda hakuna aliyewahi kulia. Nilijisikia nimekuwa mtu.

Halafu staring akafika kwenye daraja, na adui akamchoma kisu mara tatu.

Mume wangu alinigusa goti. Nikajua. Akanionyesha kwa vidole viwili: pacha. Mimi nikamwona vizuri na nikaelewa vizuri, na nataka hilo lijulikane, sikukosea. Ila nilikuwa nimesifiwa kwa kimya cha watu saa nzima, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilijiambia hawa watu wamenisikiliza mimi, basi wataupokea ukweli kutoka kwangu. Nikasema kwenye maikrofoni, polepole, "Amekufa."

"Nani amekufa?" mtu akauliza gizani.

"Staring."

"Wewe mathe, staring hakufangi. Rudisha nyuma."

"Amekufa," nikasema. "Imeandikwa hapo."

"Rudisha nyuma!"

Ukumbi mzima ukashika: rudisha, rudisha. Nikarudisha kanda. Watu wazima, wengine na watoto wao magotini, wakainama mbele kuangalia kama mara hii atakikwepa kisu. Hakukikwepa. Alikufa tena, palepale darajani, mara tatu zilezile, nami nikarudia lile nililokwisha kusema. Ndipo walipoanza kupiga mabati kwa ngumi. Benchi mbili zilivunjwa. Chupa ya soda iligonga kizimba karibu na kichwa changu. "Umemuua, wewe!" mwanamume mmoja alinipigia kelele akitoka, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli.

Nilitaka mume wangu aseme neno. Najua hakuwa na sauti. Lakini mkono alikuwa nao, angeweza kuuweka begani mwangu. Alikuwa ameinama anaokota vipande vya benchi. Njiani kwenda nyumbani alilazimisha hewa ikatoka mchakacho: "Mchuma janga hula na wa kwao." Hakuniita mwalimu.

Jumatano sauti ilirudi. Nilidhani watu hawatakuja. Walikuja, labda kuona kama nitathubutu kuonyesha uso. Nilikaa kwenye kigoda changu, leso mdomoni. Kabla ya kuanza sinema akashika maikrofoni, akakohoa kidogo kama mhubiri.

"Watu wangu," akasema, "mnisamehe kwa yale ya Jumapili. Huyu bibi yangu Kizungu kinamsumbua. Staring hakufa. Alizimia. Nimeiangalia hiyo kanda mwenyewe."

Ukumbi ulilipuka. Walipiga makofi, walipiga miluzi, mtu akamwita ndugu kwa lugha ya kwetu, "Omera, tulijua!" Mwenzake akauliza, "Na hiyo English ulisomea wapi, mathe?" wakacheka upya. Mimi nilikuwa nimekaa hapo, bega langu limegusana na lake. Nilikuwa nikimtazama magoti, kwa sababu usoni sikuweza.

Sinema ikaanza. Mtu wa kwanza akafungua mdomo, herufi zikatokea chini. Mume wangu akaniinamishia sikio kama kawaida. "Haya," akanong'ona. "Anasema nini?"

Nikamwambia.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko chupa na kuliko benchi. Ningeweza kunyamaza, na ningenyamaza angeaibika mbele ya watu wote ndani ya dakika moja. Nilimsomea sinema nzima, sikukosa hata mstari. Nilimsomea na ya siku iliyofuata. Nilifanya hivyo karibu nusu mwaka, huku nikiitwa muuaji kila nikienda kuteka maji.

Kisha akaja mwenye ploti mmoja wa Kawangware, mzee wa kule kule, mtu wa nyumba za kupangisha, aliyekuwa amejenga ukumbi wa mawe wenye viti vya kuegemea. Alikaa nyuma, akamsikiliza mume wangu, akamchukua akafanye kazi kwake. Mume wangu aliniambia kule mambo ni ya kisasa, bibi kukaa mbele haitaonekana vizuri. Nikamuuliza atasomaje. Akasema watu hawaji kusikia kilichoandikwa, wanakuja kumsikia yeye. Kwa hasira zangu zote nilijua hapo hajadanganya.

Alianza kwa kwenda na kurudi. Baadaye akalala kule mara moja moja, kwa sababu ya mvua. Baadaye mvua ikawa inanyesha hata mwezi wa pili, kiangazi, jua likiwaka.

Jumapili moja nilivaa nguo yangu ya kanisani, nikapita Ayany, nikavuka Ngong Road, nikaenda kwa miguu hadi Kawangware. Sikwenda kugombana. Nilikuwa nimepanga maneno: nitamwambia nimekubali yote, hata lile la kuzimia, ila anirudishe kando yake. Ndiyo, hayo ndiyo niliyopanga, mtu aliyekuwa na alama nzuri za Kiingereza. Nililipa mlangoni kama watu wengine na kukaa nyuma.

Sauti yake ilikuwa imeiva zaidi. Watu walikuwa wake, kiganjani. Na kushoto kwake, kwenye kigoda, alikaa msichana wa kama miaka kumi na tisa, sketi ya shule iliyopunguzwa ikawa ya nyumbani, kitambaa kimemziba mdomo. Nilimwona akiinama sikioni kila herufi zilipotokea. Alikuwa anajua. Mahali pa shati jeupe alikosea, lakini pale hata mimi nilikuwa nakosea.

Nilitoka kabla haijaisha. Nilisimama kando ya ukumbi, kwenye pipa la maji, nikingoja miguu ikubali safari ya kurudi. Wakati wa kubadilisha kanda yule msichana akatoka mbio, akachota maji kwa kikombe, akanywa bila kupumua. Kunong'ona kunakausha koo kuliko kupiga kelele.

"Sasa auntie," akanisalimia.

"Poa."

"Nimekuona ukitoka mapema. Haikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu. Huyo mtu anajua kazi."

Akatabasamu, akatazama mlangoni, kisha akanisogelea. Alikuwa na kitu kilichomjaa, hakuwa na mtu wa kumwambia.

"Amesema mwezi ujao ataniachia maikrofoni," akasema. "Unafikiri ataniachia kweli?"

Nimewaambia watu, hata dada yangu, kwamba nilinyamaza kwa kuwa hayakunihusu tena. Sikunyamaza. Nilimwangalia yule mtoto wa watu machoni, nikamwambia, "Atakuachia. Mimi namjua, ni mtu wa maneno yake." Akanishukuru, akarudi ndani mbio. Mimi hakuna aliyeniambia, na sikuona kwa nini yeye aambiwe.