Njia Aliyoiomba Ikapita Chumbani Kwake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia mabati ya nyumba za juu, na mwanamke mmoja amechuchumaa kando ya barabara mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, magurudumu juu. Anazungusha gurudumu la nyuma na kuitazama rimu yake kwa jicho moja. Anakaza spoku moja ya waya, analegeza inayofuata, anazungusha tena.

Nyuma yake kuna nyumba iliyokatwa. Haikuanguka wala haikuungua. Imekatwa wima, kama mkate. Ukuta wa samawati uliokuwa wa ndani sasa unaitazama barabara. Msumari wa kutundikia nguo bado upo, na anayepita akiinua macho ataona hata mahali kitanda kilipokuwa, kwa sababu pale rangi haijapauka.

"Wateja wananiambia chumba changu kina dirisha kubwa kuliko la benki," anasema bila kuacha kazi. "Nacheka nao. Sasa nifanyeje? Ukikaa ukilia, gurudumu halinyooki lenyewe."

Watu wanamwita Mama Spoku. Ana miaka thelathini na tisa, na kazi ya kutengeneza baiskeli aliirithi kwa baba yake, ambaye alikosa mtoto wa kiume na, kwa maneno yake mwenyewe, hakuona sababu ya kumsubiri. Siku njema hupata baiskeli saba. Siku mbovu ni pancha mbili na soga nyingi.

Kibanda chake kipo kwenye barabara pekee inayotoka sokoni kwenda mlimani, kule vinakoanzia vijia vya wapanda mlima. Kwa miaka mingi barabara hiyo ilitumiwa na kila mtu: wapagazi, wauza mboga wenye baiskeli, wanafunzi, wageni wenye mabegi makubwa, na malori ya kokoto yanayoshuka kutoka machimboni. Upande mmoja ni korongo. Upande wa pili ni nyumba na mtaro. Mwenda kwa miguu hakuwa na mahali pake, alitembea juu ya mstari mweupe kama mcheza sarakasi.

Aliyetembea hapo kila siku ni wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya mapumziko ya wapanda mlima. Alipanda asubuhi na kushuka alasiri.

"Huyo hakuwa wifi tu," anasema Mama Spoku. "Alikuwa mtu wangu. Alipenda kuniambia kwamba kaka yake hakuoa mke, alioa spana."

Alasiri moja, mvua ikiwa imetoka kukatika, fundi huyu alikuwa akibandika kiraka alipoinua kichwa ghafla.

"Nilisikia breki. Breki ndiyo kazi yangu. Nilijua kabla ya kishindo kwamba zile hazitashika."

Alikimbia hadi kwenye kona, hatua chache tu juu ya nyumba yao, spana ikiwa bado mkononi. Lori lilikuwa limesimama mshazari. Dereva alikuwa amekaa chini kwenye lami yenye maji, amekipakata kiatu cha kike kama mtu aliyeambiwa akitunze.

"Nikamwuliza, 'Aliyeumia ni nani?' Nilimwuliza hivyo, na kiatu nakijua. Nilikuwa naye siku alipokinunua. Mpaka leo sielewi kwa nini niliuliza."

Wifi yake alikuwa ameshakata roho. Dereva hakukimbia. Alisaidia kumbeba, akaenda mwenyewe polisi kujieleza, na baadaye mahakama ikamfungia leseni.

Baada ya mazishi Mama Spoku alirudi kibandani, lakini hakurudi vilevile. Mteja aliyesubiri kiraka kikauke alikutana na karatasi juu ya kopo la solusheni ya kubandikia viraka: Tunaomba njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, kutoka sokoni hadi mlimani. Walioweka saini walikuwa wapagazi, walimu, na hata madereva wawili wa malori ya kokoto.

Baraza la mji lilipoitisha mkutano wa hadhara kuhusu bajeti, alivaa gauni lake la heshima, akaenda. Kulikuwa na maombi mengine, likiwamo paa la soko linalovuja. Aliposimama, sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyoizoea.

"Sikuhutubia. Nilisema tu, wifi yangu alikuwa anatoka kazini. Nikakaa."

Madiwani walipitisha. Theluthi mbili za gharama zingetoka kwenye fedha za umma za mji, na iliyobaki kwenye ada wanazolipa wapanda mlima getini. Njia ingekuwa ya kilomita tisa, iliyotenganishwa na magari kwa ukingo wa zege.

"Nilidhani masikio yangu yana walakini. Tangu nizaliwe sijaona mtu wa mtaani kwetu akiomba kitu barazani akapewa. Nikamgeukia jirani, nikamwuliza wamesemaje. Akasema, 'Wamekubali.' Nikainuka kushangilia. Nilipotaka kukaa, kiti kilikuwa kimeshavutwa na mwingine. Nikaketi sakafuni mbele za watu, na gauni langu."

Mtaa mzima ulimpongeza. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyepita bila kumwuliza njia inaanza lini.

Ilianza na hodi. Mlangoni alisimama mpima ardhi, binti mwenye buti zenye tope, akiwa na vigingi na mkebe wa rangi nyekundu. Mama Spoku alimkaribisha kwa furaha, akamtafutia kigoda.

"Akasema, 'Samahani mama, naomba kuingia ndani.' Nikamwuliza ndani wapi. Akasema, 'Chumbani.'"

Binti aliingia, akapima, akachora alama nyekundu ukutani juu ya mito ya kitanda.

"Nikamwambia, 'Mwanangu, umekosea nyumba.' Akanionyesha mchoro. Halafu akaniambia polepole, kama mtu anayeleta habari za msiba, 'Mama, sijakosea.'"

Pale kwenye kona ndipo barabara ilipobanwa kuliko kote. Kwa upande wa korongo hakukuwa na ardhi ya kushika nguzo. Kwa hiyo ama wenye nyumba wakubali kutoa sehemu yao na kulipwa fidia, ama njia iishie kabla ya kufika kwenye nyumba, ikatike, kisha ianze tena baada ya kona. Maana yake, kila mtu angeteremka kwenye lami na malori mahali pale pale wifi yake alipofia.

"Niliomba kwa mdomo wangu. Nilikusanya saini kwa mikono yangu. Kumbe nilikuwa nauza kitanda changu."

Mumewe ni mwashi, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Siku hiyo aliyapata.

"Nilimwambia aliyeomba mvua asilalamikie matope," anasema mwashi huyo, akitazama vidole vyake. "Na mengine nilimwambia ambayo si ya gazetini. Nilikuwa na uchungu. Marehemu ni mdogo wangu mimi."

Lakini nyumba haikuwa ya mwashi wala ya fundi baiskeli. Ni ya mama yake mwashi, mjane wa miaka sabini na mitatu, ambaye mumewe aliijenga kabla hawajapata mtoto. Binti yake, yule aliyefia kwenye kona, alizaliwa katika chumba hicho hicho kilichochorwa alama, siku ambayo maporomoko yalikuwa yamefunga barabara na mkunga alifika kwa miguu.

Bibi huyo alijibu kwa neno moja, "Hapana." Alipobembelezwa na mkwewe, aliongeza machache. "Barabara imenichukulia mtoto. Sasa inataka na mahali alipozaliwa? Kama ina njaa kiasi hicho, ikale korongo."

Akabeba kiti na fimbo yake, akahamia chumba chenye alama nyekundu. Alikaa dirishani kulinda ili wenye vigingi wasirudi. Ili awaone wakija, ilimbidi afungue pazia. Tangu siku ya mazishi lilikuwa halijafunguliwa.

Kwa siku kadhaa alishinda hapo, chai akiletewa, chakula akiletewa. Mkwewe alizoea kuiona ncha ya fimbo ikichungulia juu ya kizingiti cha dirisha huku yeye akiziba pancha nje. Wapimaji hawakuja. Bibi akaona vingine.

"Nilimwona mpagazi na mzigo wake akirukia mtaroni," anasimulia bibi huyo, sauti yake ikiwa kavu. "Nikaona wasichana wa shule wakirukia mtaroni. Walipotoka walijipangusa tope wakaendelea kuzungumza. Hawakushtuka hata kidogo. Mimi ndiye niliyeshtuka, kwamba hawakushtuka."

Kisha akaja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Lori lilitokea kwenye kona, na mtaro ulikuwa umejaa maji. Mama yule hakuwa na pa kurukia. Alijigandamiza kwenye ukuta wa nyumba, chini ya dirisha, mtoto akiwa amemhamishia kifuani.

"Lori likapita. Nikamsikia anavyopumua, karibu hivi. Halafu akaniona. Unajua alisema nini? Akaniomba radhi. Eti, 'Samahani bibi, nimeegemea ukuta wako.'"

Bibi anatikisa kichwa. "Aniombe radhi mimi. Kwa nini?"

Jioni hiyo, wakiwa mezani, aliweka kijiko chini, akasema, "Mwiteni yule binti wa vigingi."

Mama Spoku anasema alidhani mkwewe anataka kumchapa mtu fimbo. Mwashi ndiye aliyethubutu kuuliza, "Mama, una hakika?"

"Nimekuzaa wewe, nikakulea na ubishi wako wote. Unaniuliza kama nina hakika?"

Akasimama, akaenda kulala.

Mkandarasi alikuja na mashine. Mwashi akaikatalia. Alisema nyumba ya baba yake haitabomolewa na mtu asiyejua ilivyojengwa, akapewa wiki moja. Alishusha mabati, akaanza kung'oa tofali moja moja, akiyakwangua udongo na kuyapanga ili yatumike tena.

"Kazi yangu ni kujenga," anasema. "Sikuwahi kufikiria kwamba nitabomoa chumba alichozaliwa mdogo wangu. Mkono unagoma. Unauambia piga, haupigi."

Siku ya pili, watu wakiwa wamesimama ng'ambo kutazama, mwanamume mmoja alivuka barabara kwa miguu, akasimama karibu na rundo la matofali. Mama Spoku alikuwa wa kwanza kumtambua. Alikuwa yule dereva.

"Nikamtazama mume wangu. Alikuwa na nyundo mkononi."

Mwashi anakiri kwamba kwa muda hakuwaza chochote. "Sikumsalimia. Naye hakunisalimia. Angesema pole, sijui kingetokea nini. Hakusema. Nikamwonyesha rundo, nikamwonyesha pa kuyapeleka. Akainama akaanza kubeba."

Alibeba matofali mpaka jua lilipozama. Kesho yake akarudi, na siku iliyofuata, hadi ukuta wa mwisho. Bibi hakutoka nje siku zote hizo, lakini kila siku saa nne, pamoja na vikombe vya mwashi na mkewe, kikombe cha tatu cha chai kilikuja kwenye sinia, na hakuna aliyeuliza kilikuwa cha nani.

Leo njia imefika. Imetandazwa vitofali vya zege vya kijivu, inapita pale palipokuwa na kitanda, inaizunguka kona na kuendelea kupanda. Sehemu ya juu bado inamwagwa zege, na asubuhi hii wafanyakazi wanasikika wakiitana kule mbele. Nusu ya fidia imelipwa. Wanafamilia watano wanabanana katika vyumba viwili, na bibi analala na wajukuu wake wawili wa kike, ambao wanalalamika kwamba anakoroma.

Diwani wa eneo hilo anasema nusu iliyobaki italipwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha. "Tulipopitisha bajeti tulikuwa tunatazama ramani," anasema. "Kwenye ramani ni mstari tu. Hakuna aliyejua kwamba mstari unapita kitandani kwa aliyeuomba. Niliposikia, sikupata usingizi."

Mama Spoku hajutii, ingawa anasema bado asubuhi nyingine huamka akinyoosha mkono kutafuta ukuta usiokuwapo. Wanafunzi sasa wanapita wakiwa wamepangana watatu watatu, wakibishana, bila kugeuka nyuma. Hilo nalo linamshangaza kila siku. Mumewe akipata nafasi atajenga chumba kipya upande wa nyuma kwa matofali yale yale, na yeye anataka kuwafundisha kazi wasichana wawili wa mtaani, kwa kuwa baiskeli zimekuwa nyingi kuliko mikono yake.

Kabla ya hayo kuna kazi anayoifanya bila malipo. Uani, chini ya turubai, imesimama fremu ya baiskeli ya magurudumu matatu, na katikati yake kiti cha mbao chenye mto. Ni ya mkwewe, ambaye miguu yake haiwezi tena mlima. Siku njia itakapofunguliwa yote hadi juu, Mama Spoku atakanyaga pedali, mumewe atasukuma kwenye miinuko, na bibi atapelekwa hadi kwenye nyumba ya mapumziko ambako binti yake alipika miaka kumi na moja. Hajawahi kufika huko hata mara moja. Aliiogopa barabara.

"Mwanangu alikuwa akiniambia kwamba ukisimama kwenye dirisha la jiko lile, nyumba yetu unaiona huku chini, ndogo kama punje ya mchele," anasema bibi huyo, akikibonyeza kile kiti kwa kiganja kuona kama kinakalika. "Nataka nikasimame hapo niitazame. Hata kama sasa ni nusu punje."