Kioo cha Mbele cha Sila

Enzi za Mwingereza pale Dodoma, Sila makenika alijiundia gari la mashindano, eti pacha wa lile la Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Labda pacha wa baba mwingine: injini ya lori, bodi ya madebe, paa hakuna, kioo cha mbele hakuna.

Akaenda nalo Bahi kumposa Ruthu. Vumbi likampaka kichwa kizima kikawa cheupe, mama Ruthu akapiga goti: "Shikamoo, babu!" Na Sila, kwa kiwewe, si akaitika "Marahaba"! Posa ikafia hapohapo.

Akarudi Dodoma, akang'oa kioo cha mlango wa kabati lake la vyombo, akakizungushia vipande vya tyubu kuukuu kisipasuke kwa mtikisiko, akakibana mbele ya usukani. Safari ya pili akafika Bahi uso unang'aa kama sahani ya sikukuu.

Ile anafunga breki tu, vumbi lililomfukuza njia nzima likamfikia kwa nyuma.

Mama Ruthu akamzunguka taratibu. "Mbele kijana, nyuma babu yuleyule. Ruthu, unaolewa na upande upi?"

"Wa mbele, mama," Ruthu akacheka. "Huko nyuma nitampangusa mwenyewe."