Neno Lililomvunja Deni Mkono Gatini Liverpool

Siku yangu ya kwanza katika gati za Liverpool sikuelewa hata neno moja. Kiingereza nilikuwa nacho, nilikisoma shule ya misheni karibu na Wamunyu, kwetu Kenya, kisha nikakitumia melini nikiwa mpishi msaidizi. Lakini msimamizi wa gati, mtu mfupi mwenye kifua kipana, alinitazama akatoa sauti iliyonifikia kama kikohozi. Nikajibu ndiyo. Akarudia. Nikajibu ndiyo tena. Kumbe alikuwa ananiuliza jina langu.

Sikuwa nimepanga kubaki. Nilipasuliwa kidole tumbo katika hospitali ya mji ule, na meli yangu ikang'oa nanga nikiwa kitandani.

Ule mtaa wa gatini ulikuwa mji ndani ya mji. Maghala ya matofali mekundu yalipanda ghorofa tano kando ya maji, na maji yenyewe yalifungiwa kwa malango mazito, maana mto ule hupwa sana na meli zingekalia matope. Waairishi, Wachina, Wasomali na watu wa Afrika Magharibi waliishi ukuta kwa ukuta, na kila mmoja alisema baba yake alishuka pale kwa siku mbili tu. Wazee wa kazi walinieleza kwamba utajiri wa kwanza wa mji ulitokana na meli zilizobeba watu weusi kwenda utumwani. Walipofika hapo waliniangalia, nami sikujua nifanye uso gani.

Baada ya mwaka nilifanywa mpiga ishara. Mwendesha winchi haoni ndani ya ngama, yaani tumbo la meli panapowekwa shehena. Kwa hivyo mpiga ishara husimama ukingoni, husikiliza wanaofunga mzigo chini, kisha humwonyesha mwenye winchi kwa mkono: inua, shusha, simama. Nawaambia ninyi vijana, kazi hiyo ni ya masikio. Na katika lugha ya watu wale, neno la "inua", heave, na neno la "iache", leave, yanatofautiana kwa sauti moja tu, ile ya mwanzo.

Asubuhi moja yenye upepo, Deni, Mwairishi aliyekuwa rafiki yangu, alikuwa ngamani akifunga magunia. Msimamizi, ambaye naye aliweza kuamuru mzigo uinuliwe, alikuwa nyuma yangu. Nilisikia sauti. Nikainua mkono, mzigo ukapanda, nikasikia Deni akipiga kelele. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya kamba.

Mkuu wa gati alituita ofisini siku ya tatu.

"Ulisikia nini?" aliniuliza.

"Nilisikia sauti, bwana."

"Ya nani?"

"Nilidhani ya msimamizi."

"Ilisema inua au iache?"

"Sijui, bwana."

"Mtu amevunjika mkono, na wewe hujui?"

"Sijui."

Msimamizi aliapa kwamba hakufungua kinywa. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu alikuwa mtu wa kufoka kila saa. Akavuliwa usimamizi, akarudishwa kubeba magunia na watu aliokuwa akiwafokea. Hakunisalimia tena mpaka alipofariki.

Mimi nilihamishiwa ghala la kahawa, nikapewa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochomwa guniani ili kutoa punje chache za kukagua. Kuna siku nililichoma gunia lililotoka Kenya, nikaziweka punje puani na kujiuliza kama zilitoka Kangundo, upande wa kwetu. Karani mkuu akanikuta macho yamelowa. Akauliza kama ni vumbi. Nikasema ndiyo.

Deni mkono wake haukukunjika tena. Alipewa kazi ya kutunza malango ya maji, na kila siku aliniletea chai. Sikuelewa kwa nini mtu niliyemwumiza ananibembeleza hivyo.

Kisha makontena yakaja, na meli zake zilikuwa kubwa mno kwa malango yetu. Shehena ikahamia karibu na mdomo wa mto, na mtaa ukafa. Mabwawa yakajaa matope, madirisha yakavunjwa. Miaka ikapita, wakayasafisha maghala yakawa nyumba za matajiri na makumbusho. Nikaajiriwa makumbusho kuwa mlinzi, katika ghala lile lile la kahawa. Bango la ukutani lilisema makuli walikuwa watu wachangamfu. Nilipoanza kuwaeleza wageni mengine, meneja, mama mmoja mpole, alinivuta kando.

"Tafadhali, ufuate maelezo ya ubaoni."

Wiki niliyostaafu, Deni alikuja kuniaga. Tuliketi kando ya maji na vikombe vya chai.

"Ile sauti," alisema, "ilikuwa yangu. Nilisema inua kabla sijatoa mkono. Niliona aibu, halafu wakamshika msimamizi, nikanyamaza."

Nilimtazama nisijue nimpige au nimkumbatie. Nikamwuliza kama chai yake imepoa.

Sasa niko nyumbani Wamunyu. Kustaafu kumenipa muda mwingi wa kufikiri, lakini kufikiri hakujanipa jibu. Mwezi uliopita binti yake Deni aliandika kwamba baba amefariki, na akaomba maneno machache yasomwe mazishini. Mjukuu wangu Mwende alikuwa amekuja kutoka Syokimau, akaketi na simu yake aandike. Siku ya pili nikamwambia:

"Andika: Deni alikuwa rafiki yangu wa kweli. Andika pia: msimamizi wetu hakusema lile neno. Alilisema Deni, na mwenyewe aliniambia."

Mwende aliinua macho. "Umau, hiyo ya pili itaumiza watu. Na hao wote wamekufa. Si nitoe tu?"

"Msimamizi alikuwa na watoto pia."

"Unawajua?"

"Siwajui."

"Sasa niandike nini?"

Kuku waliingia sebuleni, wakatoka.

"Tuma yote," nikasema.

Akatuma. Mpaka leo hakuna aliyejibu, nami sijui kama nilimzika rafiki yangu vizuri au vibaya.