Chumba cha Mama, Hatua Kumi na Moja

Dada yangu ni fundi cherehani, na tangu nipate akili sijamwona bila futi ya kupimia shingoni. Mtaa mzima unamwita Futi. Mimi mdogo wake, fundi umeme, namwita Dada, maana anajua kutumia mkasi.

Utotoni tulikuwa na mashine moja ya gemu na kanda tatu. Kanda ikigoma unaipuliza vumbi, unaichomeka tena, mchezo unaendelea. Hakuna aliyetuuliza sisi ni nani. Mama tu ndiye alipiga kelele kutoka jikoni, "Macho hayo mtayatafuta!" Raha iliyoje! Nyumba ile ilikuja kubomolewa kupisha barabara, Mama akiwa ameshafariki, na hatuna hata picha moja ya nyumba hiyo.

Miaka sita iliyopita nilimwekea Dada gemu ya kujenga nyumba kwenye kompyuta yake kuukuu. Akaijenga ile ya kwetu: dirisha la jikoni lisilofunga vizuri, ngazi mbili za nyuma, chumba cha Mama. Alicheza peke yake, hashindani na mtu, lakini gemu haikufunguka bila intaneti. Jambo hili linanikera mpaka leo. Kitu umekinunua mwenyewe, halafu kila siku unabisha hodi kwa aliyekuuzia!

Mwezi uliopita ukaja ujumbe. Kampuni ingezima mitambo yake Ijumaa saa sita mchana, na kila kilichojengwa kingepotea.

"Hata nyumba yangu?" Dada aliuliza. "Si iko humu kwenye kompyuta?"

"Iko kwao, Dada. Humu ulikuwa unaichungulia tu."

Akalia, na Dada si mtu wa kulialia. "Walishaibomoa mara moja," alisema.

Nikamwambia nitampigia picha za skrini. Akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa pungufu. "Gauni halishonwi kwa picha. Nataka vipimo."

Basi Ijumaa asubuhi alifunga duka, akatandaza mezani karatasi za kaki anazokatia vipimo vya wateja. Mimi nikashika kipanya, nikamtembeza yule mtu wa kwenye gemu kutoka ukuta hadi ukuta, nikihesabu hatua kwa sauti. Hatua moja, inchi moja. Dada alichora kwa chaki, akakata. Sebule kumi na nne. Jikoni tisa. Intaneti ilikatika mara mbili, tukabaki roho mkononi mpaka iliporudi. Chumba cha Mama tulikiacha mwisho, kwa sababu kila mmoja wetu alikiogopa. Nilipohesabu ya kumi na moja, mtu wetu akiwa ameshafika dirishani kwake, saa sita ikafika, gemu ikazimika, yakabaki maandishi kwamba hakuna muunganisho.

Tulipomaliza kula tukazipanga zile karatasi. Nikapima tena na kukuta kila chumba kimezidi inchi moja.

"Dada, umekosea. Sebule ni kumi na tano."

Akapima mwenyewe, akashika mdomo. "Jamani! Nimeacha nafasi ya mshono!"

Miaka thelathini amekata nguo akiacha nusu inchi kila upande, ili mteja akinenepa iachiliwe. Mkono ulijiendea wenyewe. Tulicheka mpaka machozi, kisha akachukua mkasi apunguze, akaanza na chumba cha Mama. Nikamshika mkono.

"Usikate. Mimi nyumba yetu naikumbuka hivi hivi, kubwa."

"Hata mimi," alisema, akaweka mkasi chini.

Sasa karatasi hizo zinaning'inia kwenye msumari dukani, pamoja na za wateja. Juu ya kila karatasi Dada huandika jina la mwenye vipimo, na ya mbele kabisa ameiandika "Mama". Juzi mteja mmoja aliisoma akaguna.

"Fundi, karatasi hii naiona kila nikija. Huyu mama nguo yake hachukui?"

"Bado hajapita," Dada alimjibu, akaendelea kushona.